Setilaiti Yenye Namba ya Stoo

Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni. Kwa asiyepajua, Ngomeni ni kijiji cha kaskazini ya Malindi: ukishapita Mambrui, ukishapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, unafuata njia ya mchanga mpaka baharini. Ukisimama ufukweni siku ya jua kali, unayaona majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu mirefu, mfano wa korongo wanaovizia samaki. Sisi watoto tulijua kule ni kwa Wataliano, na basi. Babu aliyatumia kama alama ya kurudia nyumbani.

"Siku ya kurusha huendi kuvua," alikuwa akinihadithia. "Mwakatazwa. Mwakaa pwani na wenzako mwangojea. Mara hicho, chapanda kama msumari unaong'olewa. Mshindo waja nyuma yake, ushachelewa."

Nikimuuliza kilikuwa kimebeba nini, hunijibu: "Mambo yao."

Hayo mambo yao nimekuja kuyajua nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi Nairobi, ndani ya kitabu cha maktaba ambacho kurasa zake zilikuwa zimegandana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, mbele ya kijiji chetu, na setilaiti ya kilo 140 na ushei. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. NASA, shirika la anga la Marekani, wakaipa jina kwa heshima ya siku hiyo: Uhuru. Neno letu hilo limo kwenye vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. Setilaiti hiyo ilibainisha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake ndivyo vilivyowafanya wataalamu waanze kuishuku Cygnus X-1, kimojawapo cha vyanzo hivyo, kuwa shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauchomoki ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wa mradi ule, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Ngomeni haikuchaguliwa kwa uzuri wa ufuo wake, ilichaguliwa kwa kuwa jirani na Ikweta. Dunia ikijizungusha, mtu aliye kwenye Ikweta anakwenda kasi ya kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi, na roketi inayoondoka hapo inaondoka na kasi hiyo mkononi, kama utingo anayeruka kutoka kwenye matatu inayokimbia. Tena setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hulikwepa eneo la mionzi lililoko juu ya Atlantiki ya kusini, ambalo huvipigia kelele vifaa vya kupimia eksirei. Mahali petu palikuwa na thamani kabla hatujajua.

Lililonifanya nikifunge kitabu ni jambo jingine. Kituo kile kilianzishwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Waliokiendesha, waliohesabu sekunde za kurusha, walikuwa watu wa chuo hicho hicho, wakilipwa kwa pesa ya serikali yao. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka pale. Yaani kila nikisikia mjadala kwamba Afrika Mashariki haijaona serikali ikifadhili utafiti wa anga wa chuo kikuu, nacheka kidogo. Imeona. Imeona kwa miaka zaidi ya ishirini, mbele ya nyumba ya babu yangu. Tatizo ni kwamba serikali ilikuwa ya Italia na chuo kilikuwa cha Roma. Mwaka huo huo wa 1970, mwezi Julai, Chuo Kikuu cha Nairobi ndipo kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili. Miezi mitano baadaye Uhuru ikapaa. Ngalawa ya babu ilikuwa karibu zaidi na sayansi ile kuliko darasa lolote la Nairobi.

Simlaumu mtu kwa ya 1970. Nchi ilikuwa na shule za msingi za kujenga. Lakini mimi nimeingia katika maabara ya chuo cha umma nchini hapa katika miaka hii yetu, ikiwa na pesa ya serikali kabisa ya kuunda setilaiti, na nataka kusimulia pesa hiyo inavyotembea. Kwenye kila mjadala watu hubishana ni kiasi gani. Sijamsikia mtu akiuliza inafika tarehe ngapi.

Chuo sitakitaja, na taasisi iliyotupa pesa sitaitaja pia. Sina ugomvi nao, na wengi wao walikuwa watu wema.

Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Barua ya kutuarifu kwamba tumepata ruzuku ilikuja Septemba. Tukapiga picha na wakubwa, mimi nikiwa nimeshika boksi tupu la kadibodi lililofunikwa karatasi ya fedha ya kuokea, maana hatukuwa na setilaiti ya kushika. Pesa zenyewe ziliingia kwenye akaunti ya chuo wiki ya pili ya Aprili. Kutoka akaunti ya chuo mpaka mlango wa maabara kuna safari nyingine, yenye mihuri yake. Siku tuliporuhusiwa kuagiza kitu cha kwanza ilikuwa katikati ya Mei. Na barua ilikuwa imesema bila kupindapinda: kitakachobaki kufikia 30 Juni kirudi kilikotoka.

Wiki 6, basi, za kununua setilaiti nzima. Si ile ya kuruka, ni ile ya mezani, ya kujaribia, lakini yenye kila kitu ndani yake: kompyuta, redio, betri, paneli za sola, vipimo vya sumaku vya kuiambia imeelekea wapi. Mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ukiuweka kiganjani ni kama kopo la uji.

Sheria ya ununuzi inataka bei tatu. Siipingi, imewekwa kuzuia wizi, na sote twajua kwa nini iliwekwa. Ila kuna vifaa duniani vinatengenezwa na kampuni moja tu. Ofisi ya ununuzi ikasema: hata hivyo, leteni bei tatu, na ziwe za wauzaji waliosajiliwa na chuo. Waliosajiliwa walikuwa wauza projekta, wauza wino wa printa na fundi mmoja wa kutengeneza viti. Tukashuka Luthuli Avenue, mtaa wa wauza vifaa vya umeme Nairobi, na karatasi yetu. Muuzaji mmoja alituandikia bei ya kipimo cha sumaku kwa kunakili maneno yetu yalivyo, mpaka herufi niliyokosea mimi. Nilipomuuliza kama anakijua kifaa hicho alicheka: "Dada, mimi naandika tu. Wewe ndiye utaniambia kinapatikana wapi."

Kumbuka kifaa chenyewe kilikuwa kwenye mtandao, dola 14, unalipa kwa kadi, dakika tano. Chuo hakina kadi. Mhadhiri aliyekuwa akitusimamia alivumilia siku tatu, siku ya nne akatumia yake. Alipopeleka risiti arudishiwe, mhasibu akamwonyesha kwamba iko kwa dola, haina namba ya kodi ya muuzaji, wala hakuchukua masurufu kwanza. Hajarudishiwa mpaka leo. Huwa namtania kwamba ndiye mfadhili pekee wa mradi aliyetoa pesa kwa wakati.

Betri nazo zilifika uwanja wa ndege katikati ya Juni. Afisa akafungua ankara, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Hizi ni sehemu za setilaiti?"

"Ndiyo, mkubwa. Ni betri tu. Kama za tochi kubwa."

"Setilaiti ni mambo ya kijeshi haya. Leta barua."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa wanaohusika."

Boksi likakaa siku 19, na kila siku ikiwa na ada yake ya kuhifadhi, ambayo haikuwa na mstari kwenye bajeti kwa sababu hakuna anayeomba ruzuku ya kulipia ghala. Ili kumtendea haki, hakukosea sana yule afisa. Shirika letu la Anga za Juu, lililoanzishwa mwaka 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Alichokosea ni kudhani kuna mtu mmoja anayehusika.

Basi ikafika tarehe 28 Juni. Betri ziko ghalani, redio haijaagizwa, paneli za sola zinasubiri bei ya tatu. Pesa ipo. Siku mbili zimebaki. Unafanya nini? Tulifanya wanachofanya wote. Tulinunua vilivyoweza kununuliwa kwa siku mbili kutoka kwa waliosajiliwa: kompyuta za mkononi 5, projekta, kabati la chuma, na katoni za karatasi ambazo naamini nyingine bado zipo. Ripoti ikasema tumetumia asilimia 98 ya fedha tulizopewa. Wakaguzi wakaridhika. Hakuna aliyeiba hata senti, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Tumezoea kuandika habari za pesa ya umma kana kwamba ina njia mbili tu, kuliwa au kufanya kazi. Kuna hii ya tatu: inafuata kanuni zote, hatua kwa hatua, na mwisho wa safari inakuwa projekta.

Sasa niwaeleze kazi nzuri kuliko zote tuliyoifanya mwaka ule, iliyogharimu kama shilingi 4,000.

Setilaiti za hali ya hewa za Marekani, zile za NOAA, zilikuwa zikitangaza picha zake hewani bure, kwa yeyote mwenye sikio. Masafa yake megahezi 137 na kitu. Kuzipokea hakuhitaji sahani kubwa: mabomba mawili ya alumini, kila moja sentimita 53 na nusu, unayafungua yakae kama herufi V pana, digrii 120 baina yake, unalaza antena yako imeelekea kaskazini na kusini. Mabomba tuliyapata soko la Gikomba, kutoka kwenye fremu ya dirisha la zamani. Fundi sanifu wetu aliyakata kwa msumeno akayafunga kwenye kipande cha ubao wa kukatia mboga, alichokileta kutoka nyumbani kwake bila mkewe kujua. Kipokezi cha redio ni kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa awali kwa ajili ya kutazamia televisheni.

Tukapanda juu ya paa la idara. Wanafunzi wawili wa mwaka wa nne, fundi, na mimi. Programu ilikuwa imetuambia NOAA-19 itachomoza upande wa kusini saa tisa na dakika kadhaa alasiri. Kwanza ni mvumo tu, ule wa redio isiyo na stesheni. Kisha, chini kabisa ya mvumo, tik-tok, tik-tok, kama saa ya ukutani iliyofichwa chini ya mto. Setilaiti inatuma mistari miwili ya picha kila sekunde, na ule ndio mlio wake. Picha ikaanza kujichora kwenye skrini, mstari juu ya mstari, taratibu kama mtu anayesuka mkeka. Chenga, chenga, kisha wingu. Kisha kitu cheusi chenye ukingo: bahari. Mmoja wa wanafunzi akapiga ukelele hata mlinzi wa chini akatoka kutazama.

Picha ile haina makali, nukta moja yake ni kama kilomita 4. Lakini mlango wa mto Tana unauona, na ghuba ya Ungwana unaiona ilivyojipinda. Nikaweka kidole kwenye kioo pale Ngomeni inapostahili kuwa. Babu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Ningempelekea.

NOAA-19 ilirushwa mwaka 2009, na ndugu yake NOAA-15 mwaka 1998. Zilizimwa mwaka 2025. Miaka 27 kuna mtu analipia setilaiti iendelee kusema tik-tok, na anayefaidi ni pamoja na watoto wa watu wengine walio juu ya paa Kenya na ubao wa kukatia mboga. Sijui kama kuna mkutano mmoja wa bajeti uliowahi kutuhesabu sisi. Hatukuhitaji kuhesabiwa. Tulihitaji ile kitu iwepo kesho yake, na kesho kutwa, saa ile ile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaopigania fedha za anga. Wao wanataka siku ya kurusha. Siku za kurusha tumezipata, tena za kujivunia. Mwezi Mei 2018, tarehe 11, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kwenye chumba cha Kibo cha Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa ya kwanza kabisa ya Kenya, mchemraba wa sentimita 10 kama wetu. Japani na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu walitoa nafasi ya kurushwa bure, na Nairobi ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuchaguliwa katika mpango ule. Na mshirika wa kuiunda alikuwa nani? Chuo Kikuu cha Roma. Kile kile cha Broglio. Nilipoisoma hiyo nilipata mshtuko wa mtu anayekutana na jirani wa utotoni mjini. Mwaka 2020 ilishuka ikaungua hewani, kama zishukavyo zote za aina ile.

Kisha ikaja Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, ikaruka kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California, baada ya kuahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa. Wahandisi Wakenya waliiunda pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, na gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50. Niliitazama ikiruka. Nililia pia, sioni haya kusema. Jumatatu yake nikaenda kazini, na fundi wetu akaniambia mkataba wake umekwisha.

Huyo fundi ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa na stashahada ya ufundi, hana shahada, na chuo kilimwajiri kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu kwa sababu nafasi yenyewe haikuwa kwenye muundo wa idara. Kuna vile vijidude vya kompyuta vyenye miguu ya chuma myembamba kama nywele, miguu 100 pembeni mwote, nafasi kati ya mguu na mguu nusu milimita. Viwandani hulehemiwa na mashine. Yeye alivilehemu kwa mkono. Alikuwa akizima feni, akifunga mlango, akivuta pumzi, na kwa sekunde anazolaza ncha ya moto hapumui. Akimaliza anakitazama kwa miwani ya sonara aliyorithi kwa mjomba wake, kisha anasema, "Hiki kitaongea." Kikaongea. Kati ya bodi zote alizolehemu nakumbuka moja tu iliyokataa, na hiyo tulimpigia kelele tukiwa tunacheka.

Mshahara wake kwa mwaka mzima ulikuwa mdogo kuliko bei ya zile kompyuta 5. Hakuna ruzuku tuliyowahi kuona inayoruhusu kulipa fundi. Vifaa, ndiyo. Safari na warsha, ndiyo. Posho ya kikao, ndiyo. Mtu, hapana, kwa sababu mtu ni jukumu la chuo, na chuo kina madeni yake. Akaondoka akaenda kutengeneza pampu za sola za visima, kazi nzuri, analipwa, watu wanapata maji. Sina la kumlaumu. Ila miaka minne ya mkono ule ilitoka getini ndani ya begi moja la mgongoni, na mwaka uliofuata tulianza tena kumfundisha kijana mwingine tofauti ya pasi ya kulehemu na ya nguo.

Ukitaka kuona pesa ya serikali iliyokaa mahali pamoja, angalia Cape Town. Kuna chuo cha ufundi pale, Cape Peninsula University of Technology. Wanafunzi wake waliunda ZACUBE-1 ikarushwa Novemba 2013. Wizara ya sayansi ya Afrika Kusini haikupiga picha ikaenda zake. Desemba 2018 ikaruka ZACUBE-2, kubwa zaidi. Januari 2022 zikaruka tatu kwa mpigo, za kufuatilia meli katika bahari yao. Maabara ile ile, mlipaji yule yule, na ya tatu ikijengwa na watu waliokosea kwenye ya kwanza. Bila shaka nao wana malalamiko yao ya ununuzi, hakuna nchi isiyo na mhasibu. Lakini waliokosea walibaki. Hiyo ndiyo siri, wala si siri.

Sisi sheria tunayo, tena ya kishujaa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na ikaandika kwamba Hazina itautilia kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Asilimia 2! Pato letu lilipita shilingi trilioni 15 mwaka 2023, piga hesabu mwenyewe. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa hata mwaka mmoja, wala kukaribiwa. Mimi nimekoma kukidai. Sheria iliyoandikwa kubwa hivyo hakuna anayeona aibu kuivunja, ni kama mtu aliyekuahidi ghorofa. Huwezi kumdai dirisha.

Ningepewa nafasi ya kuomba, ningeomba pesa ndogo isiyokufa tarehe 30 Juni. Ivuke mwaka, hata kama ni nusu ya iliyotangazwa. Mshahara wa fundi mmoja kwa miaka 6. Na kadi ya benki yenye kikomo cha dola 500, ikae kwa mkuu wa idara, akiitumia vibaya afungwe.

Mama yangu hanielewi hata kidogo katika haya. "Zahanati ya Ngomeni dawa zakwisha kila mwezi," ananiambia, "nanyi mwataka kurusha vyuma." Nimejaribu kumweleza habari za ukame na picha za mashamba, za wavuvi kujua upepo kabla haujaja. Ananisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza muuza bima. Kisha Desemba 2024, tarehe 30, pete ya chuma ya upana wa mita 2 na nusu, kilo 500 hivi, ikaanguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, na Shirika letu la Anga za Juu likasema ni kipande cha roketi. Mama akanipigia simu usiku: "Ni yenu?" Nikamwambia hapana, mama, yetu ingekuwa bado uwanja wa ndege inasubiri barua.

Setilaiti yetu ya mezani tuliimaliza, nisije nikawaacha mkidhani hatukuimaliza. Ilichukua miaka mitatu na ruzuku mbili. Betri zilitoka ghalani. Paneli za sola tulizipata kwa chuo kimoja cha nje walikobakisha. Siku iliposimama mezani ikatuma ujumbe wake wa kwanza kutoka kona moja ya chumba hadi nyingine, mita 6, tulishangilia kama imetoka mwezini.

Wiki iliyofuata akaja mzee wa stoo na daftari lake. Mzee wa heshima, amebakisha mwaka mmoja kustaafu, ananiita binti yangu. Alikuwa akizunguka idara kuweka namba kwenye mali ya serikali. Akaandika projekta, akaandika kabati, akaandika viti. Akafika mezani.

"Hii nayo ilinunuliwa kwa pesa ya mradi?"

"Ndiyo, mzee. Lakini hii, naomba, ni setilaiti."

"Sijakataa." Akachana kibandiko kwenye karatasi yake, akatafuta mahali pakavu pa kukibandika, akachagua upande unaong'aa, juu ya seli ya sola, akakisugua kwa gumba mpaka kikashika. "Kila kitu cha serikali lazima kiwe na namba, binti yangu. La sivyo kikipotea tutajuaje kilikuwepo?"

Alipoondoka mwanafunzi mmoja alileta pamba na spiriti aking'oe. Nikamwambia ang'oe polepole, kisha akibandike chini, upande usio na sola, kisipotee.